Zahanati ya Julai Huombwa Agosti: Mahali Maoni ya Mkaazi Yanapoingia Katika Bajeti ya Kaunti

Kila inapofika Mei, kumbi za kijamii na viwanja vya shule huwa na shughuli. Mahema husimamishwa, viti vya plastiki hupangwa, na wakaazi huombwa waeleze wanavyotaka pesa za kaunti zitumike. Mmoja husimama akaomba zahanati. Mwingine anataka barabara ya sokoni ichongwe kabla ya mvua. Maafisa huandika. Mwaka hupita, zahanati haionekani, na kikao kinachofuata yule aliyeomba haji tena. Akiulizwa, husema vikao hivyo ni vya kupiga picha tu.

Lalamiko hilo lina uzito wake, na hakuna faida ya kulifunika. Lakini mara nyingine kilichotokea si kwamba maoni yake yalitupwa. Alifika wakati chakula kilikuwa kimeshapakuliwa. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka kaunti iwasilishe Mpango wa Maendeleo wa Mwaka katika Bunge la Kaunti kufikia 1 Septemba, na mpango huo ni wa mwaka wa fedha unaoanza 1 Julai ya mwaka unaofuata. Maana yake, mradi unaotakiwa kuanza Julai huombwa Agosti ya mwaka uliotangulia, karibu miezi 11 kabla. Mwenye kuleta ombi jipya Mei analeta mgeni kwenye nyumba ambayo vitanda vimekwisha gawanywa.

Makala haya yanaeleza mahali ambapo mkaazi ana nafasi ya kweli katika safari ya bajeti, nguvu hiyo inatoka wapi, na afanye nini asiposikilizwa.

Mamlaka ni ya nani

Msingi wa haya yote uko katika Kifungu cha 1 cha Katiba iliyopitishwa na Wakenya katika kura ya maamuzi ya 4 Agosti 2010 na kuzinduliwa rasmi 27 Agosti mwaka huo. Kifungu hicho kinasema mamlaka yote kuu ni ya wananchi. Kinaendelea kusema kwamba wananchi wanaweza kuyatumia mamlaka hayo wenyewe moja kwa moja, au kupitia wawakilishi waliowachagua kidemokrasia. Kura ya kila baada ya miaka mitano ni njia moja. Haifungi ile nyingine.

Ndiyo sababu ushiriki wa wananchi umetajwa mara nyingi katika Katiba. Umo katika Kifungu cha 10, miongoni mwa maadili ya kitaifa yanayomfunga kila afisa wa serikali anapotunga sheria au kufanya uamuzi wa sera. Umo katika Kifungu cha 174, kinachotaja malengo ya ugatuzi. Kifungu cha 201 kinautia katika fedha za umma. Kwa upande wa kaunti, kilicho kikali zaidi ni Kifungu cha 196: Bunge la Kaunti lazima lifanye shughuli zake kwa uwazi, vikao vyake na vya kamati zake viwe wazi kwa umma, na lisiwafungie nje wananchi au wanahabari isipokuwa katika hali zisizo za kawaida ambapo Spika ameona kuna sababu za haki za kufanya hivyo. Kwa hivyo mkaazi anayetaka kuketi kwenye ukumbi wa wageni akawasikiliza wawakilishi wakijadili bajeti haombi hisani.

Jambo moja husahaulika. Orodha ya Nne ya Katiba inagawanya kazi kati ya serikali ya kitaifa na za kaunti. Kaunti zimepewa kazi 14: kilimo, afya ya kaunti, masoko, maji, elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na nyinginezo. Ya 14 ni kuhakikisha jamii zinashiriki katika utawala wa mashinani na kuzisaidia kujenga uwezo wa kufanya hivyo. Kumwezesha mkaazi kushiriki ni kazi ya kaunti sawa na kununua dawa, na inapaswa kutengewa pesa kama kazi nyingine.

Orodha hiyo hiyo huokoa muda. Shule za msingi na za upili, polisi na barabara kuu za kitaifa ziko chini ya serikali ya kitaifa. Hata chifu na baraza lake ni wa serikali ya kitaifa. Katika wadi, afisa wa kaunti ni msimamizi wa wadi. Ombi la madarasa ya shule ya upili likiletwa kwenye kikao cha bajeti ya kaunti huandikwa kwa heshima, kisha hukwama.

Kwa nini mwakilishi wa wadi hawezi kuleta greda

Kenya ilipata uhuru ikiwa na mfumo wa bunge wa aina ya Uingereza. Jomo Kenyatta alianza kama Waziri Mkuu mnamo Juni 1963, serikali ikitoka ndani ya bunge. Kulikuwa pia na majimbo saba na Seneti. Mfumo huo haukudumu. Nchi ikawa Jamhuri 12 Desemba 1964 chini ya Rais mwenye mamlaka ya utendaji, majimbo yakapokonywa nguvu zake, na kufikia 1966 Seneti haikuwapo tena. Kwa miongo mingi iliyofuata, mabaraza ya miji na ya wilaya yaliendeshwa chini ya waziri aliyeketi Nairobi.

Kitu kimoja cha mfumo wa kwanza kilibaki: mawaziri waliendelea kuwa wabunge. Mbunge aliyekuwa waziri alipanga matumizi ya wizara yake, kisha akaingia bungeni kuyapigia kura. Wananchi wakazoea kumwona mheshimiwa kama mtu wa kuleta barabara mwenyewe. Wakati Katiba mpya ilipokuwa ikiandikwa, suala la kurudisha Waziri Mkuu lilijadiliwa sana, lakini mapema 2010 kamati ya wabunge iliyokutana Naivasha iliegemea mfumo wa urais, na huo ndio uliokwenda kwenye kura ya maamuzi. Mawaziri wakatolewa bungeni.

Kaunti zimejengwa kwa kipimo hicho hicho. Wanachama wa kamati kuu ya kaunti, ambao wengi huwaita mawaziri wa kaunti, huteuliwa na gavana kutoka kwa watu wasio wawakilishi wa wadi, na Bunge la Kaunti huwaidhinisha. Upande mmoja unapanga na kutekeleza. Upande wa pili unatunga sheria, unapitisha bajeti na kuchunguza ilivyotumika. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinamkataza mwakilishi wa wadi kujihusisha na kazi za utendaji au kutoa huduma kana kwamba ni mfanyakazi wa kaunti. Asiyejua hivyo humlaumu kwa kutoleta greda. Swali zito zaidi kwake ni hili: wakati makadirio ya barabara yalipofika mbele ya kamati, alisema nini, na alipiga kura upande gani?

Safari ya shilingi

Mahali pa kuanzia ni Mpango Jumuishi wa Maendeleo wa Kaunti, ambao maafisa huuita CIDP. Huu ni mpango wa miaka mitano, na huandaliwa baada ya uchaguzi mkuu. Sheria ya Serikali za Kaunti inasema hakuna pesa za umma zitakazotengwa nje ya mfumo wa mipango. Mradi usiotajwa humo, hata kwa maneno ya jumla, huwa na safari ngumu kwa miaka mitano mizima.

Kutoka hapo hutolewa Mpango wa Maendeleo wa Mwaka, ule wa 1 Septemba. Mwishoni mwa Septemba hufuata tathmini ya bajeti iliyopita: kaunti ilitarajia kukusanya kiasi gani, ikapata kiasi gani, ikatumia vipi. Hati hiyo husomwa na wachache, na ni hasara, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha ahadi zipi zilibaki kwenye karatasi.

Kufikia 28 Februari, Taarifa ya Sera ya Fedha ya Kaunti huwasilishwa bungeni. Hapa ndipo ukubwa wa kila sehemu ya keki hukatwa: afya ipate kiasi gani, maji kiasi gani, kilimo kiasi gani. Baada ya hapo idara hugawana ndani ya mipaka yao. Anayetaka afya ipate zaidi ya ilivyopata mwaka uliopita anafaa kusema kabla ya Februari kwisha. Kufikia 30 Aprili makadirio yenyewe ya bajeti huwa mezani, na lazima yapitishwe kabla ya 30 Juni.

Vikao vya Mei, basi, si bure. Ni mahali pa kukagua kama kilichokubaliwa Agosti bado kimo. Mkaazi anayefika na nakala ya Mpango wa Maendeleo wa Mwaka mkononi, akauliza kwa nini mradi wa ukurasa fulani haumo katika makadirio, humtoa afisa jasho kuliko ishirini wanaoomba vitu vipya.

Kuna hesabu moja inayofaa kujulikana na kila anayeomba. Bunge la Kaunti linaweza kubadilisha makadirio, lakini sheria inasema likiongeza pesa mahali, lazima lipunguze mahali pengine kwa kiasi hicho hicho. Hakuna shilingi ya hewani. Kwa hivyo ombi linalosema wapi papunguzwe lina nguvu kuliko linalosema wapi paongezwe peke yake. Wakaazi wakisema, "Tuko radhi taa za barabarani za mwaka huu zingoje, kisima kichimbwe kwanza," wamemrahisishia mwakilishi wao kazi.

Pesa zenyewe hutoka kwingi. Sehemu kubwa ni mgao kutoka kwa mapato ya kitaifa, ambao Kifungu cha 203 kinasema kwa kaunti zote kwa jumla usipungue asilimia 15 ya mapato hayo, kwa kipimo cha hesabu za karibuni zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Kaunti zote 47 zilianza na takriban Sh190 bilioni katika mwaka wa fedha wa 2013/14. Kwa mwaka wa 2025/26 mgao huo ni Sh415 bilioni. Unapochelewa kufika kutoka Nairobi, miradi husimama na wanakandarasi hudai. Sehemu nyingine hukusanywa na kaunti yenyewe: ada za soko, za kuegesha magari, leseni za biashara na kodi ya ardhi.

Somo kutoka Kiambu

Ada hizo hupangwa na Sheria ya Fedha ya kaunti, ambayo Mswada wake Bunge hulazimika kuuamua ndani ya siku 90 baada ya kupitisha mswada wa matumizi. Kwa kawaida hiyo ni kati ya Julai na Septemba. Mama mboga, mwenye kioski na mwendesha bodaboda wanaokosa vikao vya miezi hiyo huja kujua yaliyomo wakati mtoza ada anapowafikia na risiti mpya.

Mwaka wa kwanza wa ugatuzi, jambo hilo lilifika mahakamani. Kaunti ya Kiambu ilipitisha Sheria yake ya Fedha ya 2013, na wakaazi wakaenda Mahakama Kuu wakidai hawakushirikishwa ipasavyo. Tarehe 17 Aprili 2014, Jaji George Odunga aliamua kwamba sheria hiyo ilikiuka Katiba, na ikaanguka yote. Kwa maoni yake, kutoa tangazo na kungoja maoni hakutoshi. Bunge la Kaunti linapaswa kufanya kila linaloweza ili wakaazi wengi iwezekanavyo wajue sheria inayokuja: litumie makanisa, misikiti, mahekalu, mabaraza, redio za kitaifa na za lugha za mama. Ushiriki uwe wa kweli, usiwe wa kutimiza desturi.

Uamuzi huo uliegemea pia kesi ya Afrika Kusini, nchi ambayo Rais wake huchaguliwa na bunge. Mwaka wa 2006 Mahakama ya Kikatiba huko ilibatilisha sheria mbili za afya kwa sababu baraza la pili la bunge, linalowakilisha mikoa, halikuwashirikisha wananchi ilivyotakiwa.  Mahakama ilieleza kwamba kuchagua wawakilishi na kushiriki mwenyewe ni vitu viwili vinavyosaidiana, na kimoja hakimezi kingine.

Mnamo Novemba 2019 Mahakama ya Juu ya Kenya iliweka vipimo. Jambo linalojadiliwa liwe wazi na lieleweke. Utaratibu uwe rahisi kufuatwa. Watu wapewe habari na muda wa kutosha. Makundi yote yawakilishwe, na maoni yazingatiwe kwa nia njema. Mahakama ilisema pia kwamba kukosekana kwa sheria maalum ya ushiriki si kisingizio cha kutoshirikisha watu.

Hata hivyo, si kila anayekwenda mahakamani hushinda. Julai 2024 Mahakama ya Rufaa ilibatilisha Sheria ya Fedha ya kitaifa ya 2023, na mnamo Oktoba mwaka huo Mahakama ya Juu ikaurejesha uhalali wake, ikiridhika kwamba wananchi walikuwa wameshirikishwa vya kutosha. Kipimo ni kama watu walipewa nafasi ya maana. Hakisemi kwamba kila lililosemwa lazima lifuatwe, na hakiwezi kusema hivyo: katika wadi moja mtaa huu hutaka soko lihamishwe na mtaa wa pili hutaka libaki. Anayetoa maoni ana haki ya kusikilizwa kwa dhati. Haki ya kushinda kila mara hana.

Jengo bila muuguzi

Turudi kwenye zahanati, kwa kuwa ndiyo mfano unaowauma wengi. Mahali pengine huwa kuna jengo la afya lililokamilika, likapakwa rangi, na likafungwa kwa kufuli. Popo wanakaa ndani na mama mjamzito anapita mlangoni akielekea kituo cha mbali. Ilikuwaje?

Bajeti ina mifuko miwili. Mmoja ni wa maendeleo: majengo, visima, barabara. Wa pili ni wa matumizi ya kawaida: mishahara, dawa, mafuta ya gari la wagonjwa, bili ya stima. Katika kikao, watu huomba jengo. Ni nadra mtu kusimama akaomba wauguzi wawili na dawa za mwaka mzima, na kwa hivyo jengo hupata pesa na wauguzi hawapati. Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti, kwa wastani wa miaka kadhaa, iende kwa maendeleo. Kanuni za 2015 nazo zinasema mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato yote ya kaunti. Kaunti iliyofika ukingo wa kiwango hicho ina nafasi ya kujenga na haina nafasi ya kuajiri. Kila jengo jipya la afya huzidisha tatizo hilo.

Ombi linalojua haya huwa tofauti. Husema kijiji kiko umbali gani kutoka kituo cha karibu, kaya ni ngapi, mto upi hufunga njia wakati wa masika. Hutaja ardhi: ni ya umma, au mwenyewe yuko tayari kuitoa kwa maandishi? Miradi mingi hukwama hapo, mkandarasi akiwa tayari na shamba likiwa na kesi ya urithi. Kisha huuliza swali gumu: je, badala ya kujenga mpya, zahanati iliyopo kilomita nne kutoka hapa haiwezi kuongezewa muuguzi wa usiku na chumba cha kujifungulia? Wakati mwingine jibu hilo la pili ndilo linalookoa maisha, ingawa halina jiwe la msingi wala utepe wa kukatwa.

Maoni hayo si lazima yatolewe kwa mdomo. Barua iliyoandikwa vizuri, ikapelekwa kwa msimamizi wa wadi au kwa Karani wa Bunge la Kaunti na nakala ikapigwa muhuri wa kupokelewa, ina uzito kuliko hotuba, kwa kuwa hotuba husahaulika na muhuri hubaki. Kundi la wanawake, chama cha wavuvi au kikundi cha watu wenye ulemavu wakiandika pamoja ni bora zaidi. Kiswahili kinakubalika kikamilifu. Kifungu cha 7 kinakifanya lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Wala maoni si ya wapiga kura peke yao. Katiba inapozungumzia haki ya kuwasilisha malalamiko inasema kila mtu, na mwanafunzi wa kidato cha pili anayechota maji kabla ya masomo anajua habari za kisima kuliko wengi.

Kuna pia Jukwaa la Bajeti na Uchumi la Kaunti, ambalo sheria inataka liundwe chini ya uenyekiti wa gavana. Humo, wawakilishi wasio wa serikali wako sawa kwa idadi na wanachama wa kamati kuu: wataalamu, wafanyabiashara, wafanyakazi, wanawake, wazee, watu wenye ulemavu na mashirika ya kidini. Mkaazi anaweza kuuliza ni nani anayelikalia kiti kundi lake.

Baada ya bajeti kupita

Wengi huondoka 30 Juni, na hapo ndipo mambo hubadilika. Kaunti inaweza kuleta bajeti ya ziada katikati ya mwaka pale makusanyo yanapopungua au dharura inapotokea. Sheria inaruhusu, kwa masharti: idhini ya Bunge la Kaunti, na kikomo cha asilimia 10 kwa matumizi ambayo hayakuwa yameidhinishwa. Mafuriko yakibomoa daraja, hakuna anayebisha. Lakini bajeti ya ziada ndiyo mlango ambao mradi uliopiganiwa tangu Agosti unaweza kutokea nao kimya kimya Februari. Kifungu cha 201 hakisemi uwazi uishe Juni, na Bunge linapojadili bajeti ya ziada wakaazi wanapaswa kusikilizwa.

Pesa zikiwa katika Hazina ya Mapato ya Kaunti, hazitoki bila idhini ya Msimamizi wa Bajeti, ofisi huru iliyoundwa na Kifungu cha 228. Taarifa za ofisi hiyo kuhusu kila kaunti ni za umma. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali naye hukagua kila mwaka, na Katiba inamtaka aseme kama pesa zilitumika kwa kufuata sheria na kwa njia yenye manufaa. Taarifa hizo hutaja miradi kwa jina. Mkaazi anaweza kukuta humo kisima cha kijiji chake kikielezwa kuwa kimekamilika, na yeye anajua bomba halijawahi kutoa tone.

Akikuta hivyo, kuna njia mbili kabla ya kufikiria mahakama.

Ya kwanza ni kuomba habari. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa raia haki ya kuomba nakala ya mkataba, makadirio au taarifa ya malipo. Ombi huandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili, na asiyeweza kuandika kwa sababu ya kutojua kusoma au ulemavu lazima asaidiwe na afisa anayehusika. Halitozwi ada, kinachoweza kutozwa ni gharama ya kutoa nakala. Jibu lapaswa kutolewa ndani ya siku 21, au saa 48 ikiwa habari hiyo inagusa uhai au uhuru wa mtu. Ofisi ikinyamaza, mwombaji huenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, maarufu kama Ombudsman. Haulizwi anataka habari hiyo kwa nini. Ofisi inayoanza kwa kuuliza hivyo imeanza vibaya.

Ya pili ni lalamishi kwa Bunge la Kaunti. Kifungu cha 37 cha Katiba na cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti vinampa mtu haki ya kuliomba Bunge lishughulikie jambo lolote lililo ndani ya mamlaka yake, pamoja na kutunga, kurekebisha au kufuta sheria. Kila Bunge lina utaratibu wake, lakini kwa kawaida lalamishi hueleza mlalamishi ni nani, tatizo ni nini, amekwisha kwenda ofisi zipi na akajibiwa nini, kama jambo liko mahakamani, na mwishoni anachotaka Bunge lifanye. Sehemu ya mwisho huachwa na wengi. Kurasa tatu za uchungu zisizoomba kitu mahsusi huiacha kamati bila cha kuamua. Sentensi moja inayoomba Bunge limwite afisa wa maji aeleze mbele ya wakaazi malipo ya kisima fulani yalifanywa kwa cheti cha nani, huipa kamati kazi ya kufanya.

Lalamishi huwasilishwa kwa Karani wa Bunge la Kaunti. Mpango wa Maendeleo wa Mwaka, Taarifa ya Sera ya Fedha na makadirio ya bajeti ni hati za umma, na anayezitaka aanzie katika ofisi ya msimamizi wa wadi, ya kaunti ndogo au ya Karani. Matangazo ya vikao vya Agosti huwekwa kwenye mbao za ofisi hizo, sokoni na katika nyumba za ibada. Anayefika na ombi lake limeandikwa abebe nakala mbili: moja ya kuacha, na moja ya kugongwa muhuri arudi nayo nyumbani.